Heko, Wasaidizi wa Kisheria

Mjane wa kijijini Tanzania akifukuzwa shambani na shemeji zake, mara nyingi anayemsikiliza kwanza si wakili. Ni msaidizi wa kisheria: jirani asiye na shahada ya sheria, ila amepata mafunzo, na anajua kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume. Humwandikia maelezo na kumsindikiza hadi baraza la ardhi la kijiji. Kesho yake hukutana na shemeji walewale kisimani, huwasalimia, na hatetereki. Ujasiri huo nauheshimu kuliko hotuba yoyote! Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi hawa, nao walistahili. Wengi bado hujitolea bila mshahara, hata nauli ya wilayani ikitoka mfukoni mwao.