Majina Yanayotudanganya

Darasani tunafundishwa kwamba sitiari na tasfida ni mapambo ya lugha. Naona maelezo hayo hayatoshi, hasa kwetu sisi wa West Nile, ambako mapambo hayo yamewahi kugharimu maisha ya watu.

Tuanze na Idi Amin, ambaye asili yake ni Koboko. Mwaka 1972 alipowafukuza Waasia kwa kuwapa siku 90, serikali yake iliita jambo hilo "vita vya uchumi". Tulichunguze neno vita. Vitani kuna adui, na mali ya adui ni nyara. Anayeuliza sheria inasemaje huonekana msaliti. Sitiari moja ilifunga mjadala kabla haujaanza. Maduka yakagawiwa, kisha sukari na sabuni zikaadimika, lakini nani angethubutu kulalamikia ushindi? Vivyo hivyo, chombo kilichokamata, kutesa na kuua watu kiliitwa Ofisi ya Utafiti ya Taifa. Hiyo ni tasfida: mateso yalivishwa joho la usomi.

Amin alipoangushwa mwaka 1979, mbinu hiyo ikatugeukia. Wenyeji wa West Nile wakaitwa "watu wa Amin". Jina hilo halikutenganisha mwanajeshi na mkulima, wala mtoto mchanga. Mwaka 1980 askari wa serikali mpya walishambulia Koboko na Arua, maelfu wakakimbilia Zaire na Sudan. Juni 1981 raia waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, wakauawa. Risasi zilitoka kwenye bunduki, lakini jina ndilo lililomwonyesha askari pa kulenga.

Mbinu hii haijaisha. Mkopeshaji huuita mkopo "msaada", na anayesaidiwa huona haya kuuliza riba. Mgombea hugawa sukari na kuiita "zawadi". Aliyeipokea hujiona ana deni siku ya kura.

Mtu atasema hata watetezi wa haki hutumia sitiari. Ni kweli, lakini sitiari ya haki hustahimili maswali, ya hila huyakwepa. Kwa hiyo uhakiki wetu usiishie kuandika "hii ni tasfida" ili tupate alama. Tuliondoe jina, tuweke tendo lenyewe mahali pake: kufukuza, kutesa, kukopesha kwa riba, kununua kura. Kisha tuulize kama bado tungekubali.