Lori la Mjomba, Injini ya Isuzu

Lori liko Chanika, mjini Handeni, chini ya mwembe wa mjomba wangu. Ni Bedford ya pua ndefu, mojawapo ya zile za herufi J ambazo Waingereza walianza kuzitengeneza mwaka 1958. Rangi yake ni kijani cha chupa, bampa jeupe, mbao za bodi mpya bado zinanukia randa. Binamu yangu alipoweka picha mbili mtandaoni, ya kushoto kuku anatamia ndani ya kebini, ya kulia kebini inang'aa, simu yake haikupumzika siku mbili. Maoni karibu yote yalisema jambo moja: limerudi vilevile.

Halikurudi vilevile. Fungua boneti utakuta Isuzu 4BD1, dizeli ya silinda 4 na lita 3.9, imekaa palipokuwa na petroli ya silinda 6 na lita 4.9. Nyuma yake giaboksi ni ileile ya Bedford, ya gia 4. Kuhusu injini, mjomba aliamua vizuri. Kuhusu giaboksi alikosea, na mimi nilikuwa wa kwanza kumpigia makofi. Makofi hayo nataka kuyafuta hapa.

Hatuna desturi ya kuhakiki gari lililofufuliwa. Tunalipiga picha. Oktoba 2024 Arusha ilipofanya tamasha la Land Rover, nilikaa usiku mzima nikitazama video za msafara: magari mamia kwa mamia, rangi, bendera, honi. Sikuona hata boneti moja iliyofunguliwa. Huenda nilitazama video mbaya. Lakini hata Bedford za Pakistan, ambazo dunia nzima inazijua kwa michoro na vipande vya vioo vilivyobandikwa kila mahali, husifiwa kwa rangi zao tu, kana kwamba hazipandi milima. Tukisema gari ni "asilia" au "limeharibiwa", mara nyingi tunaongelea bodi.

Shuleni tulifundishwa kupasua kazi ya fasihi vipande viwili kama nazi, fani huku, maudhui kule. Kwa lori ni rahisi kufanya hivyohivyo: bodi ni fani, injini ni maudhui. Nilipoanza kuandika hapa nilidhani mgawanyo huo utanitosha. Ulinishinda nilipofika kwenye giaboksi, ambayo haionekani kwa nje na haitoi nguvu yoyote yake yenyewe.

Tuanze na uamuzi ulivyokuwa. Mjomba alilinunua lori hilo miaka ya mwanzo ya 1980, zama za foleni za mafuta, zama ambazo gari binafsi halikuruhusiwa kutembea Jumapili mchana bila kibali. Lilisomba mahindi ya Handeni hadi lilipochoka, au hadi petroli ilipomchosha yeye. Likaegeshwa. Sisi watoto tuliendesha safari ndefu ndani yake bila kutoka chini ya mwembe. Mwaka juzi, baada ya kuuza kipande cha shamba ambacho mama yangu naye alikuwa na haki nacho, akaamua kulirudisha barabarani. Natamka habari ya shamba kwa sababu lori hili si la maonyesho. Lisipobeba mzigo, mama amepoteza ardhi yake kwa ajili ya kijani cha chupa.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, kuifumua petroli ile na kuijenga upya. Wapenda asili wangeshangilia, na mlio wa silinda 6 ungerudi, mlio ambao mjomba anaweza kuuigiza kwa mdomo hata akiwa msibani. Lakini petroli ya lita 4.9 yenye kabureta, ikiwa na mzigo, hunywa kama ng'ombe wa kiangazi. Ya pili, kutafuta dizeli ya Bedford yenyewe. Hii ingekuwa na heshima zote mbili, ya ukoo na ya matumizi. Tatizo ni kwamba General Motors, waliokuwa wenye Bedford, waliacha kutengeneza malori hayo Uingereza katikati ya miaka ya 1980. Spea utazipata, ila utazipata kwa kumbukumbu za watu: fulani ana kichwa cha injini Muheza, fulani ana pampu lakini hauzi. Ya tatu ni Isuzu ya mtumba.

Waliobeza Isuzu walisema tumelitia lori damu ya kigeni. Hoja hiyo ni dhaifu hata kwa historia. Mwaka 1971 General Motors haohao walinunua sehemu ya hisa za Isuzu, hivyo hawa wawili ni mabinamu waliokutana ukubwani. Zaidi ya hapo, nchini kwetu gari hutengenezwa na fundi aliye karibu, kwa spea iliyo karibu. Ukikwama Segera saa nne usiku, utapata mtu anayeijua pampu ya Isuzu. Wa Bedford utampata kesho kutwa, akiwa amekuja na mjukuu wa kumshikia tochi.

Neno moja tu la ubishi. Tunasema "kuboresha injini", na wengi huelewa kuongeza nguvu. Isuzu hii haina nguvu za farasi zaidi ya petroli iliyoondoka. Ina chache. Ilichokileta ni mafuta kidogo kwa safari na uvumilivu wa kuvuta ikiwa na mizunguko ya chini. Kwa mahindi, hayo yanatosha.

Sasa giaboksi. Isuzu ilikuja na yake, gia 5, zinazoingia kwa ulaini. Kuifunga kungedai kukata propela na kuiunga upya, kukereza flanji, kuhamisha kishikizo kwenye chasi, kutengeneza upya njia ya mkono wa gia. Kubaki na ya Bedford kulidai bamba moja la chuma la kuunganisha injini na nyumba ya klachi. Fundi, mzee wa gereji moja ya Korogwe, alisema giaboksi ya zamani itaibeba injini hii bila wasiwasi. Kwa hilo alisema kweli, kwani ilikuwa imezoea msukumo mkubwa zaidi.

Lakini mjomba hakuamua kwa sababu ya bamba. Aliamua kwa sababu ya mkono wake. Gia ya kwanza ya Bedford huipati kwa kuilazimisha. Unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia, unagusa mafuta, unakanyaga tena, ndipo unaingiza. Mjomba alijifunza hivyo akiwa utingo, akimtazama dereva wake mguu. "Mjomba," aliniambia, nasi wajomba na wapwa huitana hivyo pande zote mbili, "ukiniondolea hii utakuwa umenipa lori la mtu mwingine." Mimi niliyesoma fasihi nililegea papo hapo. Nikamwambia fundi kwamba giaboksi ni roho ya gari. Nilitumia neno roho! Fundi akanitazama kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Safari ya kwanza, kutoka Korogwe kwenda Handeni, tulikwenda na bodi tupu. Ni kilometa 65 hivi za lami, na Handeni iko juu kuliko Korogwe, kwa hiyo kwa jumla unapanda. Watu walipunga mikono. Mjomba alivaa kofia. Breki tulizigusa mara chache, na mara hizo alisema tu kwamba zimekaza kwa upya.

Wiki iliyofuata tulishuka na magunia 40 ya mahindi. Tulipokwisha kupita Sindeni kuna mteremko usio wa kutisha, ule ambao ukiwa kwenye basi hata huamki. Mjomba akakanyaga breki, pedali ikawa jiwe. Akakanyaga kwa miguu yote miwili huku ameinuka kwenye kiti. Lori likapunguza kama linalofikiria, kisha likaendelea. Akafanya ule mchezo wake wa klachi, akaikosa gia ya pili, meno yakalia, akairudia, ikaingia. Injini ikapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa breki ya maegesho kwa mikono miwili, nikivuta. Tulisimama nje ya lami, tairi za kushoto ndani ya mtaro, mbele yetu mwanamke na ndoo ya maembe ambaye hakukimbia. Aliweka ndoo chini, akasema, "Poleni." Mjomba alimjibu, akashuka, akakaa kwenye jiwe kwa muda mrefu bila kuvua kofia.

Sababu ni ya kuaibisha kwa wepesi wake. Breki za lori hili husaidiwa na busta, na busta hufanya kazi kwa kunyonywa hewa. Injini ya petroli hunyonya yenyewe: kabureta inapozibwa kidogo, ndani ya bomba la kuingizia hewa hubaki ombwe, na mpira mmoja mwembamba hulipeleka ombwe hilo kwenye busta. Dizeli kama hii haina kizuizi hicho, hewa huingia wazi muda wote, hivyo haina ombwe la kumgawia mtu. Lazima ipewe pampu yake ndogo, ambayo kwa kawaida hukaa mgongoni mwa altaneta. Injini yetu ilikuja bila altaneta, tukanunua ya kawaida, na mpira wa zamani ukachomekwa kwenye Isuzu kana kwamba hakuna kilichobadilika. Fundi hakuuliza. Sisi hatukuuliza. Tulikuwa tunajadili roho.

Kumbe petroli ile haikuwa injini tu. Ilikuwa pia nusu ya breki, na tulipoitoa tuliondoka na vyote viwili.

Tangu siku hiyo siwezi tena kusoma picha za kabla na baada kwa macho ya zamani. Swali la kama kitu ni asilia linanichosha. Ninachotaka kujua ni kazi gani ya siri kilichotolewa kilikuwa kinaifanya kwa ajili ya wengine, na nani ameipokea kazi hiyo. Watafsiri wanalijua vizuri. Nyerere alichapisha tafsiri yake ya *Julius Caesar* mwaka 1963, kisha mwaka 1969 akatoa nyingine, iliyorekebishwa, hata jina likabadilika kuwa *Juliasi Kaizari*. Mtu mwenye nchi ya kuongoza alirudi gereji kwa mchezo uleule. Ukibadilisha neno moja la lugha ngeni hujaondoa maana peke yake, umeondoa na mizani iliyokuwa inashikilia mstari, na mstari hauna budi kushikiliwa na kitu kingine.

Kwa kipimo hicho giaboksi yetu inaanguka, na si kwa sababu ni kuukuu. Petroli ya Bedford iliweza kuvutika: ingeanza kuvuta chini na kuendelea kupanda mizunguko kwa muda, hivyo pengo kati ya gia na gia halikuwa tatizo. Injini ilikuwa inaziba mapengo ya giaboksi. Dizeli hii hufanya kazi yake katika eneo finyu zaidi. Kwenye mpando, ikiwa na mzigo, gia ya tatu inaifanya itetemeke na ya pili inaifanya ipige yowe bila kufika popote. Mjomba hukaa hapo katikati akibadilisha, akirudisha, na kila mabadiliko ni ule mchezo wa miguu ambao lori hupoteza mwendo likiusubiri. Gia 5 za karibu karibu zingeipokea kazi ambayo petroli ilikuwa inaifanya kimyakimya.

Nilimweleza haya mwezi uliopita, baada ya shikamoo na chai. Pampu ya ombwe ilikwisha kufungwa, pedali sasa inashuka kwa mguu mmoja, na lori linafanya kazi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: siku ile ya mteremko, ni nini kilichotusimamisha?

Ilikuwa gia ya pili. Ya giaboksi ileile, kwa mkono uleule. Nilimwambia kwamba gia ya pili ya Isuzu nayo ingetushika, na ingeingia mara ya kwanza bila kulia meno. Naamini hivyo. Lakini nilikuwa ndani ya kebini, na naijua sauti ile ilipokubali kuingia.

Kadi ya gari tuliyoipeleka kurekebishwa sasa ina namba ya injini mpya. Kuhusu giaboksi kadi haisemi lolote, haikuwahi kuulizwa. Ile ya Isuzu iko stoo, imefunikwa gunia. Mama yangu, ambaye hajawahi kupanda lori hilo tangu lifufuliwe, amesema atapanda siku mjomba atakapoacha kucheza ngoma na miguu njiani. Juzi binamu alinitumia picha nyingine, hii hakuiweka mtandaoni: mjomba amelala chali chini ya chasi, kamba mkononi, anapima urefu wa propela. Nikampigia simu kumuuliza ameamua nini. Akasema hajaamua, anapima tu, na akataka kujua fundi wa kukereza wa Korogwe anachukua kiasi gani kwa flanji moja.