Mandari, Kikoa na Benchi la Gongo la Mboto

Neno lililonifundisha kuwa tafsiri si kazi ya kamusi peke yake lilikuwa dogo mno. Katika hadithi moja ya Kiingereza niliyokuwa nikiifasiri, watu wanabeba kikapu, wanatandika kitambaa juu ya majani, wanakula na kurejea kwao. Lugha yetu inalo neno la jambo hilo: mandari. Sisi wa visiwani tumelijua tangu udogoni, siku za sikukuu, masufuria ya pilau yakipakiwa garini kwenda shamba au pwani. Nikaliandika. Lakini siku hizo nilikuwa nimefikia kwa ndugu yangu Gongo la Mboto, na kila nilipoinua uso kutoka kwenye karatasi niliwaona watu wakila nje, asubuhi hadi usiku, na hapana hata mmoja wao ambaye angesema yupo mandarini. Hapo nikatambua kuwa neno langu lilikuwa sahihi, ila lilikuwa limeacha nje walaji wengi kuliko liliowaingiza.

Masikio yangu husikia ndani ya mandari lile neno jirani yake, mandhari. Mwenda mandari hula huku akitazama: bahari, miti, machweo. Ndiyo maana bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa mwaka 1936 kwa jubilei ya Sultani Khalifa bin Haroub na kufunguliwa upya mwaka 2009 baada ya kutengenezwa, imekuwa fahari yetu. Pale tunakula urojo na mishkaki bila ya haya, kwa kuwa bahari ipo mbele yetu kutuombea radhi. Mlaji wa Gongo la Mboto hana mandhari. Yeye ndiye anayetazamwa, na daladala zima.

Wafaransa, ambao neno lao pique-nique limeenea duniani, hawakuanzia majanini. Mwishoni mwa karne ya 17 neno hilo lilikuwa na maana ya karamu ambayo kila mtu huchangia sehemu yake, nayo ililiwa ndani ya nyumba. Uwanja na kikapu vilikuja baadaye. Jambo hili lilinifurahisha, kwani sisi nasi tunalo neno la ulaji wa namna hiyo, na ni la kale: kikoa, yaani kula kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako.

Na kikoa mashuhuri kuliko vyote katika fasihi yetu kililiwa nje, chini ya mti. Katika kisa cha Fumo Liongo, kilichochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 na kutungiwa utendi na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, maadui wa shujaa wanapanga kula makoma kwa kikoa. Kila mmoja atapanda mkoma zamu yake na kuwaangushia wenziwe matunda. Liongo akipanda, watamfuma kwa mishale. Zamu yake inapofika, Liongo hapandi. Anasimama chini na kuyaangusha makoma kwa mishale yake mwenyewe. Tumezoea kukisoma kisa hiki kama sifa ya ulengaji. Mimi nakisoma pia kama fundisho juu ya kula nje: chakula cha uwanjani huwaweka watu sawa, na papo hapo huwaacha wazi. Anayekula nje hana ukuta nyuma yake.

Baada ya Liongo, tenzi zetu kubwa ziliingia ndani na kufunga mlango. Al-Inkishafi inapoomboleza Pate, inaomboleza majumba, taa na vidaka vya vyombo, na sasa popo ndio wapangaji. Mwana Kupona, katika wasia wake wa mwaka 1858, anamtaka binti yake atoke kwa idhini, na njiani awe na sitara na kimya. Siwalaumu, waliandika ulimwengu wao kwa ukamilifu. Ila adabu yao imetuachia jicho linaloona staha penye kuta tu. Wajukuu wa binti yule leo wanakaa njiani, na kimya hakiwezi kuwauzia sahani moja ya wali.

Tulitazame jina tuliloliweka juu ya wanawake hao. Mama ntilie si nomino ya kawaida. Ni sentensi nzima iliyofupishwa: mama, nitilie. Hakuna ndani yake kitenzi cha kuuza wala cha kununua. Mteja mwenye fedha mkononi anaomba kama mwana mbele ya chungu cha mamaye. Baadaye likaja mama lishe, jina lenye heshima zaidi, lenye harufu ya semina ya afya. Nakiri lina nia njema, lakini kwa mshairi la kwanza lina thamani kubwa zaidi, kwani limehifadhi sauti ya mwenye njaa. Watu wasiojulikana walitunga ubeti wa maneno mawili, na sisi wenye diwani hatujatunga wa pili.

Kando ya Barabara ya Nyerere, ambayo zamani ikiitwa Barabara ya Pugu, nimekaa juu ya benchi kama hilo mara nyingi. Wali na maharage, mchicha pembeni, kachumbari, pilipili ya kuomba. Fundi, kondakta na karani hukaa bega kwa bega. Aliyetiliwa kwanza humwambia anayekaa, "Karibu," naye hujibu, "Ahsante, starehe." Hakuna anayetarajia sahani ilegawanywe, lakini hakuna anayethubutu kulimeza tonge kabla ya kulitamka neno hilo. Hii ndiyo adabu ya futari ya barazani, ambapo sinia hutolewa nje ili mpita njia asifuturu peke yake. Kikoa kimehamia benchini.

Nisieleweke kuwa nauremba ufukara. Vumbi ni vumbi, na maji ya kuoshea sahani hayatoshi. Wako wanaokula nje kwa sababu nyumba iko mbali na nauli ni ghali. Wako walioburutwa nje na msiba: tarehe 16 Februari 2011 maghala ya silaha ya Gongo la Mboto yalipolipuka, watu zaidi ya 20 walikufa, na maelfu waliozikimbia nyumba zao usiku walihifadhiwa Uwanja wa Uhuru. Kula nje namna ile hakuna mshairi wa kukusifu.

Lakini kuna tofauti baina ya kukataa kusifu na kukataa kuona. Asiyeonwa katika maneno huondolewa kwa wepesi. Operesheni za Nguvu Kazi, baada ya sheria ya 1983, ziliwahesabu wachuuzi wengi kuwa wazururaji. Mwishoni mwa 2018 wakapewa vitambulisho kwa shilingi 20,000. Mwaka 2021 vibanda vya kando ya barabara za Dar es Salaam vikabomolewa. Mzururaji, mjasiriamali, mvamizi: mtu mmoja, sufuria moja, majina matatu, na hakuna hata moja lililotoka kwa aliyekula chakula chake.

Nilipokwenda mara ya mwisho, benchi nililolizoea halikuwapo. Nilimkuta mama yule ndani zaidi, uchochoroni, akiwa na wateja pungufu ya nusu. Nilipomuuliza hali, alinitilia kwanza, kisha akajibu. Nikala nimesimama.

Tafsiri yangu bado ina neno mandari, kwani ndilo haki ya hadithi ile. Ninachowaomba washairi wenzangu ni neno la upande wa pili, lile ambalo mfasiri wa Kiingereza naye, siku moja, ahangaike nalo usiku kucha.