Anayemlea Mzazi

Mtoto mchanga hajui usiku. Katika saa 24 hulala saa 14 hadi 17, usingizi ambao mama yake angelipa hela kuupata, lakini huulala vipande vipande, na kila kipande kikiisha anataka titi. Kunyonya mara 8 kwa siku kwake ni kawaida, na mara 12 si ajabu. Tumbo lake ni dogo, maziwa ya mama yanasagika upesi, na ile saa ya mwilini inayotusinzisha sisi wakubwa giza likiingia haijaanza kwenda sawasawa mpaka mwezi wa pili au wa tatu. Anayetafuta dawa ya kumfanya mtoto wa wiki mbili alale usiku kucha anatafuta kisichokuwepo. Wanawake wa wilaya ya Kilosa, Tanzania, wanalijua hilo bila kufundishwa darasani, ndiyo maana hawahangaiki kumfunza mtoto kulala. Wanahangaika na mama yake.

Kulea mzazi ni fani, nami nataka kuisifu kama watu wanavyosifu useremala au uhunzi. Mwenye fani hiyo huwa mama wa aliyejifungua, au mama yake mkubwa, shangazi, au mama mkwe. Anafika na kikapu, kanga za kubadilisha, sabuni ya mche na maneno mengi, anakaa mpaka arobaini, kisha anarudi kwake. Hana cheti, wala hakuna anayemwita bingwa.

Katika wilaya hii kazi yake ina uzito wa ziada. Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, wenyeji wa milima na mabonde ya Kilosa, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, kama jirani zao Waluguru. T. O. Beidelman, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyefanya utafiti Ukaguru mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika vitabu kadhaa juu ya watu hao na ukoo wao. Kwa hesabu hiyo mtoto ni wa kwa kina mama yake, na bibi anayeshuka kutoka milimani akiwa na debe la unga kichwani haji kumsaidia mkwe. Anakuja kumpokea mtu wa ukoo wake. Siku hizi wilaya imechanganyika. Mkonge wa Kimamba ulileta vibarua kutoka mikoa ya mbali, reli ikaleta wengine, barabara ya Mikumi inawaleta wapya kila wiki, na kila kabila limekuja na namna yake ya kulea mzazi. Nilichokiona ni kwamba namna hizo zinafanana zaidi kuliko zinavyotofautiana.

Kwa nini niite fani? Nenda ukaone inavyofanywa. Mdogo wangu alipojifungua, nililala nao chumba kimoja, Kimamba, yeye na mtoto ndani ya chandarua, mimi na mama mkubwa mkekani. Saa nane za usiku mtoto alianza kugeuza shingo huku na huku. Hakulia. Alitoa ulimi, akapeleka ngumi mdomoni, akaguna kidogo. Mama mkubwa, ambaye nilidhani yuko usingizini, alikuwa ameshakaa kitako.

"Mume wangu ana njaa," alisema, maana mjukuu wa kiume ndiye mume wa bibi. "Tusingoje alie. Akilia ameshachelewa kula."

Alimwamsha mdogo wangu kwa kumgusa unyayo, akamwekea mto mgongoni, akamlaza mtoto tumbo kwa tumbo na mama yake, kichwa, shingo na kiuno vikiwa mstari mmoja. Akangoja. Mdomo ulipofunguka wote, alimsogeza mtoto kwenye titi, si titi kwa mtoto, chuchu ikaingia pamoja na sehemu kubwa ya ile duara nyeusi. Akamulika kwa simu. Mdomo wa chini ulikuwa umejikunja ndani. Akauchomoa kwa ncha ya kidole, akazima tochi, akatega sikio. Sikuelewa anasikiliza nini mpaka nilipousikia mwenyewe: mtoto ananyonya mara moja, mara mbili, anameza, ananyonya, anameza.

"Sasa anakula," alisema. "Pale mwanzo alikuwa anachezea. Akichezea ndiyo chuchu zinachanika, halafu mnasema maziwa hayatoki."

Mtoto aliposhiba aliachia mwenyewe. Mama mkubwa akampokea, akamweka begani, akampapasa mgongo mpaka akacheua, akambadilisha nepi gizani kwa kupapasa tu, akamrudisha chali mahali pake. Mdogo wangu hakuyaona hayo. Alikuwa amelala kabla mtoto hajacheua. Hapo ndipo ulipo ufundi wote. Kazi ambayo hakuna mwingine awezaye kuifanya iliachiwa mzazi, na iliyobaki yote alinyang'anywa. Nepi, maji ya kuoga, kuni, wageni wanaotaka kumwona mtoto saa ya mama kulala, vyote vilipita kwa mama mkubwa kwanza, na wageni wengine hawakuvuka kizingiti.

Mchana alifanya kinyume cha nilivyotarajia. Mtoto alilazwa sebuleni, mlango wazi, redio ikisema, watoto wa jirani wakigombana uani, na mama mkubwa alizungumza naye kila alipofumbua macho. Usiku hakuna aliyemchekea wala kumsemesha. Alinyonya gizani na kurudishwa. Madaktari wa watoto hutoa ushauri huo huo, kwa sababu mwanga na sauti za mchana ndivyo vinavyomfundisha mtoto, polepole, kwamba siku ina pande mbili.

Kuna pia suala la uji. Asubuhi uji wa mchele wenye pilipili manga, mchana ugali na mlenda, jioni supu. Watasema pilipili manga inaleta maziwa. Kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya: titi likitoka tupu, mwili unajua utengeneze zaidi, likiachwa limejaa, unapunguza. Tena homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku, kwa hiyo mama anayeliruka titi la saa nane ili apumzike anajipunguzia akiba yake mwenyewe. Lakini pilipili manga siioni kuwa na hatia. Inamfanya mama aketi, atoke jasho na amalize bakuli, na mama anayenyonyesha anahitaji kula na kunywa kuliko anavyohitaji nasaha.

Watu wa mbali walishawahi kuupima usiku wa namna hii. Miaka ya 1970, Charles Super na Sara Harkness, watafiti kutoka Marekani, waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya, wakafuatilia usingizi wa watoto. Mtoto wa Kimarekani wa miezi minne alikuwa anaweza kulala kama saa 8 bila kuamka. Mwenzake wa Kokwet, anayelala ubavuni mwa mama na kunyonya kila apendapo, alifikisha kama nusu ya hapo. Kokwet hakuna aliyeona tatizo. Mama alinyonyesha nusu amelala, na mchana kulikuwa na dada mdogo wa kumbeba mtoto. Tofauti haikuwa kwa watoto. Ilikuwa katika nyumba, na katika idadi ya mikono iliyomo ndani yake.

Nikisifu siwezi kufumbia macho makosa. Wapo wanaokamua na kumwaga maziwa ya mwanzo, yale ya manjano, wakiyaita machafu, ilhali ndiyo yenye kinga. Wapo wanaompa mtoto maji kwa sababu ya joto, na joto la Kilosa mwezi wa Novemba si la mchezo, lakini maziwa ya mama karibu asilimia 88 ni maji, na maji ya kikombe huleta kuhara. Wapo wanaomlaza kifudifudi ili ashikwe na usingizi. Hapo tusiwacheke wazee peke yao: madaktari wa Ulaya na Marekani nao walishauri hivyo kwa miaka mingi, hadi miaka ya 1990 walipogeuka na kuhimiza alazwe chali, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua Marekani kwa zaidi ya nusu. Kosa kubwa kuliko yote ni uji wa mtoto. Mtoto wa miezi miwili akiamka mara nyingi, mtu anasema hashibi, na kikombe kinakorogwa. Katika utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022, watoto wenye umri chini ya miezi 6 waliokuwa wakipewa maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 64. Naamini wengi katika hao waliobaki hawakulishwa kwa ujinga. Walilishwa kwa uchovu, saa tisa za usiku, na mama asiyekuwa na wa kumpokea mtoto.

Ndiyo hali ya mji wa Mikumi. Mikumi hakuna usiku. Barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia inapita katikati ya mji, na malori yanafunga breki mpaka alfajiri. Kando yake kuna mabinti waliotoka Njombe, Songea au Dodoma kuja kupika, kutandika vitanda vya nyumba za wageni, kuuza baa. Mama zao wako mbali. Hospitali ikiona mama na mtoto wako salama, humruhusu baada ya siku moja hivi, naye anarudi kwenye chumba kimoja cha kupanga, bati linachoma, chandarua kimefungwa kwenye misumari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 kwa malipo, 100 akipata pacha, na akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Baba anapata siku 3, ambazo zinatosha kutafuta kuku wa supu. Binti wa baa asiye na mkataba wa maandishi mara nyingi hajawahi kuambiwa kwamba sheria hiyo ipo.

Huko nimeona fani ikijitafutia njia. Mama mwenye nyumba mmoja, ambaye si ndugu wa mpangaji wake wala si wa kabila lake, alikuwa akimchukua mtoto kila jioni mara tu baada ya kunyonya, saa mbili na nusu, anampakata barazani mpaka saa sita. Mama analala usingizi wa kwanza, ule mzito, bila kusikia chochote. Saa sita mtoto anarudishwa kunyonya, na usiku uliobaki ni wa mama peke yake. Saa tatu na nusu tu. Lakini binti yule alikuwa na uso wa mtu anayeishi, na kopo la maziwa alilokuwa amenunua lilibaki juu ya kabati halijafunguliwa.

Sasa niseme lalamiko langu juu ya mila yenyewe. Mwaka 1962 daktari wa Kimarekani, T. Berry Brazelton, alichapisha hesabu za vilio vya watoto 80 wenye afya njema. Kilio kiliongezeka wiki hadi wiki, kikafika kileleni karibu na wiki ya sita, karibu saa 3 kwa siku, kisha kikashuka mpaka kikatulia mwezi wa tatu. Tafiti nyingi zilizofuata zilikuta mwendo huo huo. Arobaini ni wiki tano na siku tano. Yaani anayemlea mzazi anafunga kikapu chake siku zile zile mtoto anapoanza kulia kuliko wakati wowote wa maisha yake, na hasa jioni. Mzazi anabaki peke yake na mtoto aliyebadilika ghafla. Hapo ndipo yanapoanza maneno ya chango, ya jicho, ya maziwa mepesi, na hapo ndipo kikombe cha uji kinapotoka kabatini. Hakuna aliyeloga. Bibi ameondoka mapema tu.

Na haondoki kwa kupenda. Akija mwezi wa tatu, palizi inamsubiri. Akija mwezi wa saba, mavuno. Wiki sita anazompa mjukuu ni wiki sita ambazo shamba lake linaota majani, na malipo yake ni doti ya kanga na nauli ya kurudia. Tunaisifu kazi yake kwa mdomo huku tukimwachia yeye gharama zote.

Basi wewe baba mtarajiwa, na wewe mjomba mwenye kauli katika ukoo, mnapopanga fedha za kujifungua, pampasi na kuku, wekeni pembeni fedha ya kibarua wa kumpalilia mama mkubwa ekari yake. Kisha mwombeni asiondoke siku ya arobaini. Abaki mpaka mtoto atimize miezi mitatu.