Redio Njema ni Sikio

Mgeni akiingizwa katika chumba cha mwanaredio wa ridhaa, yaani mtu mwenye leseni ya kurusha na kupokea mawimbi kwa mapenzi yake bila kulipwa, swali lake la kwanza huwa lile lile: "Hii inafika wapi?" Ni swali la haki. Redio ya mawimbi mafupi yenye wati 100, ikipata waya uliotundikwa vizuri mnazini, inaweza kufikisha salamu kutoka Tanga hadi Japani au Brazili bila setilaiti wala mnara wa kampuni ya simu. Lakini mwenye redio anajua kwamba jambo zito liko kwingine. Cha kuuliza ni redio hii inasikia nini.

Tuanze na nguvu, maana ndiyo inayowapoteza wanunuzi wengi. Kwa kipimo kinachokubalika kimataifa, ukizidisha nguvu mara nne, kutoka wati 100 hadi 400, sindano ya kipimo kwenye redio ya yule anayekusikiliza hupanda alama moja tu. Ndiyo maana redio nyingi za ridhaa za mezani, za bei nafuu na za bei ya kutisha, hutoka kiwandani na wati 100 zile zile. Ipo ya dola elfu moja na kitu, na ipo ya dola zaidi ya 10,000. Tofauti kubwa ya fedha hizo imelipiwa katika upokeaji, na fundi anayejua kuipima tofauti hiyo anastahili heshima sawa na aliyeiunda.

Tazama kazi inayomkabili mpokeaji. Bendi ya mita 20, ambayo wanaredio huiamini kuliko zote kwa mawasiliano ya mbali, inaanzia kilohezi 14,000 na kuishia 14,350. Wikiendi ya mashindano ya dunia ya wanaredio, vituo maelfu hujibana katika nafasi hiyo. Antena haichagui, huleta vyote kwa pamoja: jitu la Ulaya lenye mnara mrefu na maelfu ya wati, na pembeni yake kijana wa kisiwani mwenye wati tano na betri ya gari. Redio inatakiwa imtoe huyo kijana akiwa mzima. Ni kazi ya konda wa daladala la Mbagala, anayelisikia neno "shusha" kutoka kiti cha nyuma huku muziki unanguruma na honi zinalia kila upande.

Kwa muda mrefu kazi hiyo ilipimwa vibaya, na aliyeligundua kosa ni mwanaredio aliyekuwa akicheza mashindano. Miaka ya 1970, Rob Sherwood wa Marekani alikuwa na kipokezi cha Drake R-4C, chombo kilichoheshimika sana, kilichotengenezwa Ohio. Vipimo vya maabara vilikisifu. Kwenye mashindano ya Morse kilishindwa, kikajaa sauti ambazo haziko angani. Sherwood alitafuta sababu na kuipata. Maabara iliingiza mawimbi mawili yenye nguvu yaliyotengana kwa kilohezi 20, kisha ikatazama ni lini kipokezi kitaanza kuzua wimbi la tatu la uongo. Lakini katika mashindano majirani hawakai kilohezi 20 mbali. Hukaa kilohezi mbili, pengine chini ya hapo. Kichujio cha kwanza cha R-4C kilikuwa na upana wa kilohezi nane, kwa hiyo jirani mwenye nguvu alikuwa ameshaingia ndani kabla hajazuiwa. Vipimo vilipofanywa kwa kilohezi mbili, alama zake zilianguka chini ya desibeli 60.

Tangu hapo Sherwood amekuwa akipima redio moja baada ya nyingine na kuzipanga katika orodha, na safu inayoamua nani akae juu ni ile ya kilohezi mbili. Orodha hiyo imebadilisha biashara nzima. Watengenezaji ambao zamani walishindana kwa wingi wa vitufe walilazimika kurudi kwenye karatasi za michoro. Mtu mmoja aliyekataa kuamini namba zisizofanana na alichokisikia kwa masikio yake aliwanufaisha wote waliokuja baada yake.

Redio iliyolijibu swali la kilohezi mbili kwa ujasiri ni Elecraft K3, nami ndiyo ninayoifahamu kwa karibu. Elecraft ilianzishwa California mwaka 1998 na Wayne Burdick na Eric Swartz, wote wawili wanaredio. K3 ikatoka mwaka 2007. Kabla yake, redio nyingi kubwa zilikuwa zikiyapandisha mawimbi yanayoingia hadi megahezi 45 au zaidi, ili chombo kimoja kiweze kupokea masafa yote ya mawimbi mafupi. Hasara yake ni kwamba huko juu ni vigumu kutengeneza kichujio chembamba, hivyo mlango wa kwanza ulikuwa na upana wa kilohezi 15 au zaidi. K3 iliyateremsha mawimbi hadi takriban megahezi nane, mahali ambapo kristali huweza kuchujia kwa wembamba wa hezi 200. Kinachofuata baada ya kristali ni kompyuta ndogo inayomalizia usafi. Katika orodha ya Sherwood, alama zake zilifika karibu desibeli 100. Kila desibeli 10 ni nguvu mara kumi. Pengo la desibeli 40 kati yake na ile Drake lina maana ya nguvu mara 10,000.

Kuimiliki redio ya namna hii ni zaidi ya kuiweka mezani. K3 iliuzwa pia ikiwa vipande, na mnunuzi aliiunganisha mwenyewe kwa bisibisi, bila kushika pasi ya kuchomea risasi. Ina nafasi tano za vichujio vya kristali, na mwenyewe huamua: huyu ni mtu wa Morse, aweke cha hezi 400 na cha hezi 200; yule ni mtu wa kuzungumza, aweke cha kilohezi 1.8. Uzito wake haufiki kilo tano. Aliyeifunga kwa mikono yake anajua kila bodi inakaa wapi na inafanya nini, na siku ikipata hitilafu haogopi kuifungua. Vyombo vingi vya leo vimefungwa ili mwenye navyo asivijue. Hiki kilimkaribisha ndani.

Sasa keti mbele yake jioni, jua likiwa linaelekea kuzama, uvae hedifoni na uzungushe nobu kubwa hadi kilohezi 14,100. Hapo ndipo mahali pa kuipima redio bila gharama. Kuna vituo 18 duniani, vilivyowekwa na wanaredio wa ridhaa, ambavyo hupeana zamu kwenye masafa hayo, kila kimoja sekunde kumi, mzunguko mzima dakika tatu. Kituo hutuma alama yake ya utambulisho kwa Morse kwa wati 100, kisha mistari minne mirefu ya sekunde moja moja: wa kwanza kwa wati 100, wa pili kwa wati 10, wa tatu kwa wati moja, wa nne kwa sehemu moja ya kumi ya wati. Katika ratiba yao, Afrika Kusini inaitangulia Kenya, ambayo alama yake ni 5Z4B, kisha inakuja Israel, kisha Ufini. Mstari wa kwanza wa Ufini unasikika vizuri. Wa pili umefifia lakini upo. Punguza upana wa kichujio, hezi 500, hezi 400, hezi 200, na mvumo wa nyuma unapungua mpaka wa tatu unachomoza, mwembamba, bila kutetereka. Ni wati moja kutoka Ufini. Ukiusikia na wa nne, umepata jioni ya kuandikwa kwenye daftari.

Upimaji wa nyumbani una kanuni zake, na hazihitaji maabara. Ya kwanza, chomoa antena. Mvumo ukishuka sana, na ukiirudisha ukapanda, basi redio yako ina usikivu wa kutosha. Kelele unayoisikia inatoka nje, na hakuna redio ya bei yoyote itakayoiondoa kwa kuongeza usikivu. Sisi wa karibu na Ikweta tuna radi za bonde la Kongo na za Ziwa Viktoria, ambazo ni miongoni mwa nyingi kuliko zote duniani, na sasa tumeongeza chaja za simu, taa za LED na vibadilisha umeme vya sola visivyochujwa. Ya pili, tafuta kituo chenye nguvu nyingi, usogee pembeni yake kilohezi mbili, usikilize kama kivuli chake bado kinakufuata. Ya tatu, sikiliza kwa saa nyingi mfululizo. Zipo redio zenye namba nzuri ambazo huchosha. Sauti yake ina ukali unaomkaba mtu kichwani kabla usiku haujaisha, na hakuna safu ya orodha inayokionesha hicho.

Ya nne ni ya uungwana. Redio bora hupimwa pia kwa namna inavyowatendea wengine inaporusha. Mawimbi machafu hutapakaa nje ya nafasi yake na kumziba jirani ambaye hajakukosea lolote. Bendi ni mali ya wote, na anayenunua redio yenye urushaji safi amewanunulia utulivu watu ambao hatawaona maisha yake yote.

Kwetu Afrika Mashariki sikio hili lina umuhimu wa pekee. Vituo vya 5H vya Tanzania, 5Z vya Kenya, 5X vya Uganda na 9U vya Burundi ni vichache, hivyo hutafutwa na dunia. Mwanaredio wa Dar es Salaam akiita mara moja, wanaweza kumjibu mamia kwa mpigo mmoja, kutoka Italia, Urusi, Japani na Marekani, kila mmoja akitaja alama yake. Desturi ni kuita kwenye masafa mamoja na kusikiliza kilohezi kadhaa juu yake, ili wanaoita wasikuzibe wewe. Hapo ndipo K3 yenye kipokezi cha pili ndani yake huonesha thamani: sikio moja linabaki nyumbani, la pili linachambua umati. Mmarekani mwenye redio ya kawaida huwinda kituo kimoja kwa wakati. Sisi ndio tunaowindwa, na anayewindwa na wengi anahitaji kusikia kuliko wote.

Je, kila mtu anunue redio ya juu kabisa? Hapana, na Sherwood mwenyewe amekuwa akisema kwamba desibeli 85 kwa kilohezi mbili zinatosha kwa hali nyingi. Mwaka 2016 Icom ilitoa IC-7300, iliyouzwa takriban dola 1,500, inayoyageuza mawimbi kuwa namba moja kwa moja yanapoingia kutoka kwenye antena. Alama zake zilipita desibeli 90, kiwango ambacho kizazi kilichotangulia kilikilipia mara kadhaa ya bei hiyo. Leo redio kumi za juu zinatofautiana kwa kiasi ambacho masikio ya wengi hayawezi kukitambua. Zikifika hapo, kinachobaki ni mkono: nobu inayozunguka bila kukwama, kitufe kilichopo pale kidole kinapokitarajia, na sauti unayoweza kuishi nayo.

Kwa hiyo nawaambia wanaoanza, hasa vijana wanaoweka akiba ya shilingi zao. Chukueni leseni kwanza, TCRA kwa walio Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa walio Kenya. Fedha za mwanzo ziende kwenye antena, iwe juu na iwe mbali na nyaya za umeme. Kisha, kabla hamjanunua redio ya gharama, ombeni kuketi mezani kwa mwenye nayo wikiendi kamili ya mwisho ya Oktoba au ya Novemba, wakati wa mashindano makubwa ya CQ World Wide, bendi zikiwa zimejaa pomoni. Mtafuteni yule dhaifu kuliko wote, aliyejibana kando ya jitu. Redio itakayowawezesha kuisikia alama yake yote, na kukapambazuka masikio hayajachoka, hiyo ndiyo inayostahili fedha zenu.