Kufuatilia au Kunasa? Juu ya Istilahi za Kupima Matumizi ya Tovuti

Katika rasimu ya orodha ya istilahi za tovuti iliyofikishwa mezani petu kwa ajili ya kusanifishwa, imo jozi moja ya maneno ambayo tunaona inastahili kujadiliwa kwa urefu kuliko nyingine zote. Jozi hiyo ni "ufuatiliaji wa kiotomatiki" na "ufuatiliaji wa mikono". Waandishi wa rasimu, ambao bila shaka ni wafasiri wenye bidii, wameieleza hivi: ya kwanza ni njia ya kujua mienendo ya watumiaji wa tovuti pasipo mtu kufanya kazi, na ya pili ni njia ya kuijua mienendo hiyo kwa kazi ya mtu. Maelezo hayo ni mepesi kukumbuka. Hata hivyo yanapotosha, na upotofu wake hauishii katika orodha. Unaweza kumfikia mwananchi ambaye hana habari yoyote ya mabishano yetu ya istilahi.

Yafaa kwanza tukitazame kitu chenyewe. Mwenye tovuti hutaka kujua wanaoizuru wanafanya nini: wanabofya wapi, wanapakua waraka upi, wanaiacha fomu wakiwa wamefika sehemu gani. Kwa njia ya kwanza, msimbo mmoja hupachikwa katika kurasa zote, na tangu hapo hurekodi kila kitufe kilichobofywa, kila ukurasa uliofunguliwa na kila fomu iliyoguswa, pasipo mtu kuuambia urekodi kipi na uache kipi. Kwa njia ya pili, mhandisi huketi kwanza na wenye kazi, wakapatana ni mambo gani wanayohitaji kuyajua. Kisha huandika agizo mahali pa kila jambo. Kitufe hiki kikibofywa, rekodi, fomu hii ikikamilika, rekodi, mengine yaache.

Msomaji ataona kwamba katika njia zote mbili anayerekodi ni mtambo. Hakuna karani aliyeketi na kalamu akihesabu vibofyo. Kwa hiyo "mikono" haitofautishi chochote, tena inaleta picha ngeni kabisa, maana Mswahili asikiapo kazi ya mikono hufikiria ususi wa mikeka na uchongaji. Nalo neno "kiotomatiki" linamficha mtu aliyeamua kuupachika msimbo ule. Tofauti ya kweli iko kwingine: ni nani anayechagua cha kurekodiwa, na anachagua lini. Katika njia ya pili uchaguzi hutangulia kurekodi. Katika ya kwanza kila kitu huchukuliwa kwanza, na uchaguzi hufuata baadaye, pengine baada ya miezi, pengine usifanyike kamwe.

Pwani yetu inazijua njia hizi mbili tangu zamani. Mvuvi wa mshipi huamua mapema chambo gani atie na kina gani ashushe. Mvuvi wa kokoro hukokota wavu, akaleta pwani samaki, vifaranga vya samaki, majani na matope, ndipo akaanza kuchambua mchangani. Hatupendekezi neno "kokoro" liwe istilahi, kwani istilahi zenye mzaha huchakaa upesi. Lakini mwalimu atakayetaka kulieleza jambo hili darasani hatapata mfano ulio karibu zaidi.

Mfano wa matope upo. Mwaka 2018 kampuni ya Mixpanel ya Marekani, inayouza programu za kupima matumizi ya tovuti, iliwaarifu wateja wake kwamba chombo chake cha kurekodi kila kitu kilikuwa kimechukua pia nywila za baadhi ya watu walioandika katika fomu za wateja hao. Hakuna aliyekusudia kuiba nywila. Sababu ilikuwa ndogo na ya kiufundi: maktaba ya programu iitwayo React, ambayo watengenezaji wengi wa tovuti huitumia, ilibadilishwa mwaka 2017, ikaanza kuweka nakala ya kilichoandikwa katika visanduku vya fomu mahali ambapo msimbo ule wa kurekodi ulikuwa na desturi ya kusoma. Msimbo ulichukua kama ulivyozoea kuchukua. Miezi michache kabla ya hapo, Novemba 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walikuwa wamekwisha kutangaza kwamba misimbo ya aina nyingine, ile inayorekodi kikao kizima cha mtumiaji kana kwamba ni filamu, ilikuwa ikichukua maandishi ya fomu ambayo wenye tovuti hawakukusudia yachukuliwe.

Mfasiri akiiita njia hii "ya kiotomatiki" hasemi uongo, ila anataja sifa isiyo na uzito na kuacha ile yenye uzito. Msomaji wa Kiswahili akisikia otomatiki husikia wepesi na usasa: gari la otomatiki, swichi ya otomatiki. Hasikii kwamba kinachochukuliwa ni chote.

Kuna tatizo la pili kuhusu neno hili, nalo linawahusu zaidi watumishi wa serikali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti kuhusu uamuzi unaofanywa na mtambo peke yake juu ya mtu; hali kadhalika sheria ya Kenya ya mwaka 2019. Huko ndiko neno "otomatiki" lina kazi yake halali, kwa sababu suala ni kama yupo binadamu aliyeamua. Tukilitumia neno hilo hilo kwa kurekodi vibofyo, ofisa atakayesoma waraka wa zabuni atachanganya mambo mawili ambayo sheria imeyatenga.

Sheria hizo mbili zinadai pia kwamba taarifa zinazokusanywa ziwe zile tu zinazohitajika kwa lengo lililotajwa. Lengo, basi, sharti litangulie. Hapo ndipo njia ya kwanza inapoingia mashakani, kwa maana sifa inayotangazwa na wauzaji wake ni hii hasa: kwamba huna haja ya kujua mapema utakachouliza. Tukiri kwamba sifa hiyo si ndogo. Aliyechagua mapema, akasahau jambo moja, hawezi kurudi nyuma kulijua. Aliyechukua vyote anaweza. Mwenye duka la mtandaoni anayehangaika kujua kwa nini wateja wanaacha mikoba yao kabla ya kulipa ana sababu ya kuipenda njia hiyo. Lakini tuseme ni tovuti ya halmashauri, ambako mwananchi anaandika namba yake ya kitambulisho na jina la mwanawe. Hapo hatuoni sababu ya kuchukua vyote. Maswali ya halmashauri yanajulikana na ni machache: fomu ipi inawashinda watu, waraka upi hauonekani. Maagizo kumi au kumi na mawili yaliyoandikwa kwa uangalifu yatayajibu.

Sasa kuhusu neno "kufuatilia". Ni neno jema mno. Mwalimu hufuatilia maendeleo ya mwanafunzi, muuguzi hufuatilia hali ya mgonjwa, mdai hufuatilia madai yake. Katika mifano yote hii anayefuatilia ana haki au ana huruma. Mwananchi akiandikiwa "tunafuatilia matumizi yako ili kuboresha huduma", atasikia kwamba anaangaliwa kwa wema, naye atabofya kitufe cha kukubali. Idhini iliyopatikana kwa neno la namna hiyo ni dhaifu. Sisi tunapendekeza "kunasa". Wapo wenzetu wanaosema neno hili linanuka ulimbo na mtego. Tunawajibu kwamba Kiswahili kimekuwa na kinasa sauti kwa miaka mingi, redio hunasa mawimbi, na hakuna aliyejiona ndege kwa sababu hiyo. Vile vile "kuchakata", ambalo leo limo katika lugha ya sheria za taarifa, ni neno la mashamba ya mkonge. Nani leo anasikia mkonge ndani yake?

Kwa njia ya pili "unasaji wa kuteua" unatosha. Tulifikiria "unasaji teule" kwa kufuata "kamati teule", lakini -teule humsifu aliyechaguliwa, na hapa tunataka tendo la kuchagua lionekane. Njia ya kwanza ndiyo iliyotusumbua. "Unasaji wa jumla" lilikuwa jina la kwanza lililopendekezwa, na wengi wangelipokea kwa sababu ya jumla na rejareja za sokoni. Tumelikataa kwa sababu "takwimu za jumla" ni zile zilizojumlishwa hata mtu mmoja mmoja asionekane, na jambo hili ni kinyume chake kabisa. Tumefikia "unasaji wa kuzoa". Kuzoa ni kuchukua kilichopo bila kuchagua. Ni kweli watu huzoa taka, lakini magazeti yetu huandika pia kwamba mgombea amezoa kura na timu imezoa medali, kwa hiyo neno lenyewe halihukumu.

Wafasiri wakumbuke kwamba maneno haya yanataja tendo na si chombo, maana chombo kimoja kinaweza kufanya yote mawili. Google Analytics ya sasa, ambayo toleo lake la zamani liliacha kupokea taarifa za kawaida tarehe 1 Julai 2023, huzoa mambo kadhaa swichi moja ikiwashwa: kupakua faili, kutafuta ndani ya tovuti, kubofya kiungo kiendacho nje, na kuteremsha ukurasa hadi asilimia 90 ya kimo chake. Mengine huandikiwa maagizo. Kuhusu hilo la asilimia 90 tuna lalamiko la pembeni. Tumekwisha kuona taarifa za ofisi zikisema wananchi kadha wa kadha "wamesoma" tangazo fulani, ilhali mtambo ulichojua ni kwamba ukurasa uliteremshwa. Aliyeteremsha ukurasa akitafuta namba ya simu chini kabisa hakusoma kitu. Iandikwe "wameteremsha", hata kama mkuu wa idara hatafurahi.

Maneno mengine ya rasimu hayana ugomvi mkubwa. "Mtumiaji" libaki. "Kidakuzi" limekwisha kuenea, na anayelisikia husikia kudaka ndani yake; tusilisumbue. "Tukio" litumike kwa kila kinachorekodiwa na mtambo, pamoja na ukurasa kufunguka, lakini pale mtu anapotenda mwenyewe iandikwe "tendo la mtumiaji", kwa sababu katika Kiswahili tukio humpata mtu, na kitufe hakijibofyi.

Kwa wanaotayarisha matangazo ya idhini, tunatoa mfano huu wautumie au waurekebishe: "Tovuti hii hunasa matendo yafuatayo tu: kufungua ukurasa, kupakua waraka na kukamilisha fomu. Hainasi unachoandika ndani ya fomu kabla hujaituma." Pale ambapo tovuti inazoa, tangazo liseme hivyo waziwazi. Mwenye neno lililo bora kuliko "kuzoa" atuandikie kabla orodha haijapelekwa mbele ya kamati.