Jaketi Likishalowa

Jaketi la baridi hupimwa likiwa limelowa. Likiwa kavu, karibu kila jaketi nene linatia joto, liwe la dukani au la mtumba. Mvua ndiyo inayoonyesha kama aliyelishona alikuwa na mtu aliye mlimani akilini mwake.

Chukua njia ya Machame, Kilimanjaro. Siku ya kwanza karibu yote ni msitu, kutoka mita 1,800 hivi hadi kukaribia mita 3,000. Mtu anapanda kwa saa nyingi, jasho linamtoka kwa ndani na mvua inampiga kwa nje. Jioni anafika kambini, miguu inasimama, joto la mwendo linakwisha, na hapo ndipo anapolihitaji jaketi kweli, wakati ambao huenda lilishapata maji njiani.

Kinachotia joto humo ndani ni hewa iliyotulia. Ujazo wowote, uwe wa manyoya au wa nyuzi za kiwandani, kazi yake ni kuishika hewa hiyo isizunguke. Maji yakichukua nafasi ya hewa, joto la mwili hukimbia, kwa kuwa maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa. Manyoya laini ya kifuani mwa bata bukini hayana uti mgumu kama unyoya wa bawa. Ni kitovu kidogo tu chenye nyuzinyuzi zilizotawanyika kila upande. Kwa wepesi wake, sijui kitu kinachoyashinda. George Finch aliliona hilo mapema: mwaka 1922 alikwenda Everest na koti la kitambaa cha maputo lililojazwa manyoya ya bata, wakati wenzake wakitegemea sufu. Lakini baridi ya Everest ni kavu. Katika msitu wa Machame manyoya hulowa, nyuzinyuzi zake hushikana, na jaketi lililokuwa limeumuka linabaki kitambaa chenye madonge.

Katika miaka ya 1980 jeshi la Marekani lilitaka kitu cha kushika nafasi ya manyoya kitakachovumilia maji. Kampuni ya Albany International ikabuni PrimaLoft, ujazo wa nyuzi nyembamba mno za poliesta. Uzuri wake uko katika tabia ya poliesta yenyewe: hainywi maji hata kufikia asilimia 1 ya uzito wake. Maji hukaa kati ya nyuzi, hayaingii ndani yake, kwa hiyo ukilikamua jaketi sehemu kubwa ya maji hutoka na nafasi za hewa hurudi. Ni zito kuliko la manyoya, na halikunjiki likawa dogo kama lile. Hata hivyo, kwa msitu ule mimi ningelichagua hili bila kusita.

Bado sijafika kwenye mshono, na hapo ndipo ninapopenda kukaa. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Manyoya hutembea, yakiachwa huru yote huporomokea chini, hivyo fundi hulazimika kuyagawia vyumba kwa mistari mingi ya mshono. Ujazo wa poliesta huja kama shuka nene, hukatwa kwa mkasi na kushikwa kwenye kingo, basi mabega yanaweza kuachwa bila mistari hiyo ya kugawia vyumba. Fundi aliyefikiri huusogeza mshono wa bega mbele kidogo, mahali ambapo mkanda wa mzigo hausugui na mvua haitui moja kwa moja. Nyuma ya zipu huweka ulimi wa kitambaa, kwa sababu meno ya zipu ya kawaida hayazuii maji.

Halafu kuna mkono. Wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, hubeba mzigo kichwani, hadi kilo 20, mkono mmoja ukiwa juu kuushikilia. Mkono ukiinuliwa, maji hutiririka kutoka kiganjani hadi kwapani, na pindo la mkono lenye lastiki laini linalobana bila kuzuia damu lina thamani kubwa kuliko mifuko sita ya mapambo.

Kitambaa cha juu nacho hupakwa dawa inayofanya matone yaviringike kama kwenye jani la gimbi. Moshi, mafuta ya ngozi na mabaki ya sabuni ya unga huiua dawa hiyo, kitambaa kikashika maji, na jasho likakosa pa kutokea. Mara nyingi kinachohitajika ni sabuni ya maji isiyo kali, kusuuza mara kadhaa, na joto la kiasi kuamsha dawa iliyobaki. Jaketi likigoma, hupakwa dawa upya. Na mvua kubwa ikija, juu yake livaliwe koti la mvua, maana jaketi la ujazo halikuumbwa kusimama peke yake.

Likichanika, fundi mwenye subira hakimbilii cherehani. Hukata kiraka chenye pembe za mviringo, kwa kuwa pembe kali ndiyo huanza kubanduka, akakigandisha kwa gundi inayonyumbuka, akakiacha usiku kucha chini ya kitu kizito. Asubuhi tundu limezibwa, na sindano haijaongeza jingine.